Kazini kwa baiskeli, wikiendi Bagamoyo, sasa unapumzika saa ngapi?

Watu wakishajua naenda kazini kwa baiskeli maswali huwa yaleyale. La kwanza jasho, la pili "huogopi magari?", la tatu linaulizwa kwa sauti ya chini kidogo, "kwani gari liko gereji?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza napumzika saa ngapi. Na mimi baada ya miaka kadhaa ya kunyonga Kimara mpaka Kariakoo siku za kazi halafu wikiendi natoka safari ndefu, naona hilo ndo lilikuwa swali lenyewe. Jasho ndoo moja ya maji inalimaliza, magari unajifunza kuishi nayo, ila uchovu ndo mtihani, kwa sababu hauji siku hiyohiyo, unakuja Jumanne ukiwa umeshasahau Jumamosi ulifanya nini.

Niweke ramani kwanza tuelewane. Naishi Kimara, Dar es Salaam, kazi iko Kariakoo, ni kama kilomita 14 hivi kwenda na 14 kurudi. Napita pembeni ya Morogoro Road kwenye ile njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na barabara ya mabasi ya mwendokasi: Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, nimefika. Asubuhi ni tamu bana, Kimara iko juu na mjini kuko chini, saa 12 hivi jua ndo linachungulia, kuna vipande unaacha kukanyaga kabisa na baiskeli inakwenda yenyewe. Jioni sasa! Barabara ni ileile ila imegeuka, unaanzia Jangwani bondeni kabisa, unapanda Magomeni, unajivuta Manzese, halafu ukishavuka Ubungo ndo unakutana na mlima wenyewe, Kibo kupanda mpaka Kimara, na hapo umeshinda kazini, lami imepokea jua tangu asubuhi, malori yanatema moshi, na bodaboda wamehamia kwenye njia yako wanakuja kinyume halafu wanakupigia honi wewe.

Kwa hiyo zile 14 za asubuhi na zile 14 za jioni si kitu kimoja hata kama simu inaziandika sawa. Hili nimelielewa kwa miguu yangu. Kwenye simu wiki ya kazi ukienda siku zote tano ni kilomita 140, namba nzuri tu, unaitazama unajisikia mwanamichezo, lakini nusu yake imepigwa kwenye ubaridi ukiteremka na nusu imepigwa kwenye joto ukipanda. Mwili unahesabu joto na mlima kabla haujahesabu kilomita.

Jumamosi naongeza nyingine. Safari zangu ni mbili tatu tu nazozipenda. Kuna ya Pugu mpaka Kisarawe, fupi lakini ina vilima vya kukutoa pumzi na ina msitu, hewa inabadilika kabisa ukishaingia pale. Kuna Kigamboni, unavuka na pantoni Magogoni unanyoosha Mjimwema mpaka Gezaulole huko, hiyo ni tambarare, ya siku ambayo miguu haina hamu. Na kuna Bagamoyo, hiyo ndo yenyewe. Natokea Mbezi, nakatisha Goba, natua Tangi Bovu, halafu Tegeta, Bunju, navuka mto Mpiji naingia mkoa wa Pwani, Mapinga, Kerege, Kiromo, nimefika. Kutoka kwangu ni sitini na kitu, ukienda na kurudi ni zaidi ya kilomita 120. Jumlisha na zile za kazini uone.

Watu wengi wanaoanza kuchanganya hivi vitu viwili wanaviona kama maisha mawili tofauti. Kazini ni usafiri, wikiendi ni mazoezi. Mwili haujui hiyo tofauti, mwili ni daftari la mkopo la Mangi, ukikopa unga Jumatatu na mafuta ya kula Jumamosi vyote viko ukurasa mmoja chini ya jina lako, na siku ya kudaiwa unadaiwa jumla.

Sasa ukikubali kwamba daftari ni moja, swali linalobaki ni utapunguza wapi, na jibu langu mimi, baada ya kujaribu kila namna, ni kwamba safari ya kazini lazima ikuchoshe kwa kuboa kwake na si kwa miguu. Namaanisha iwe ya kawaida kabisa, polepole, isiyo na habari ya kusimulia. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika. Ukiwa Manzese jioni akakupita dogo mmoja na baiskeli ya kubebea mikate, tena amevaa ndala, kuna kitu kinakupanda kifuani unataka kumrudishia. Ukimrudishia unafika Ubungo shujaa, ukifika Kibo unatembea. Na hata usipotembea, hizo dakika kumi za ushindani ndo zimekula ile nguvu uliyokuwa unaitunzia Jumamosi, maana safari ya kazini ikifanywa kwa nguvu ya kati-kati kila siku, si polepole ya kupumzisha wala si kali ya kujenga, inakuwa uchovu mwingi wenye faida ndogo.

Kipimo changu hakihitaji kifaa chochote. Njiani nasalimiwa sana, kuna mama wa vitumbua, kuna vijana wa kuosha magari, kuna fundi. Nikisalimiwa "za asubuhi kaka?" nikaweza kujibu "nzuri kabisa, za kwenu hapo, biashara inaendaje?" bila kuikata katikati kuvuta hewa, niko kwenye mwendo sahihi. Nikijibu "nzu..." na kuinua mkono tu nimezidisha, napunguza giya. Wenye saa za kupima mapigo ya moyo watacheka lakini nimewahi kulinganisha na saa ya rafiki yangu na salamu haikunidanganya.

Ndugu zangu wa Shinyanga na Tabora najua mtanicheka pia, kwenu mtu anabeba abiria siku nzima kwenye karia na hasemi kachoka. Ila muangalieni vizuri yule jamaa. Hana haraka hata kidogo, mwendo ni uleule asubuhi mpaka jioni, kwenye kilima anateremka anasukuma bila aibu, na asipokuwa na abiria anakaa kwenye siti ya nyuma chini ya mti. Sisi wa mjini ndo tunaona kuteremka na kusukuma ni kushindwa.

Haya, mapumziko yenyewe. Wiki yangu sasa iko hivi: Jumatatu siendi na baiskeli, Ijumaa siendi na baiskeli. Jumatatu kwa sababu ya deni la Jumamosi, Ijumaa kwa sababu ya kujiandaa. Jumapili sikanyagi pedeli labda kwenda dukani. Kwa hiyo baiskeli kazini ni Jumanne, Jumatano, Alhamisi basi. Mwanzoni Jumatatu ilikuwa inaniuma, unajisikia kama umeacha. Na watu hawakusaidii. Pale kazini mzee wa getini nikitokea na miguu lazima:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Chuma leo wamekuibia?"

"Hapana mzee, napumzika."

"Unapumzika kwa kubanwa kwenye mwendokasi?"

Na hapo kwa kweli ana hoja. Mwendokasi wa jioni kutoka kituo cha Gerezani si mapumziko, unasimama mguu mmoja, kwapa la mtu liko usoni kwako, mlango unafungwa kwa kusukumana, kuna siku natoka mle nimechoka kuliko ningepanda Kibo. Ndo maana nikaanza huu mtindo ambao nauita nusu safari. Kama wiki imekuwa ngumu, Jumanne asubuhi nashuka na baiskeli, jioni naiacha pale getini kwa mzee, imefungwa mnyororo kwenye nguzo, narudi na basi. Jumatano asubuhi naenda na basi, mapema kabla watu hawajajaa, halafu jioni narudi na baiskeli. Kwa siku mbili nimepanda ule mlima mara moja tu badala ya mara mbili, na basi nimelipanda asubuhi moja na jioni moja. Ukitaka kupunguza zaidi, siku ya kurudi unachelewa kutoka, unasubiri jua lizame kidogo, unaswali magharibi hukohuko mjini ndo unaanza safari, ila hapo lazima uwe na taa mbele na nyuma, na si zile za kumulika kama mshumaa.

Mzee namletea sukari mara mojamoja. Hajawahi kuomba ila anajua na mimi najua.

Tuje kwenye Bagamoyo maana hapo ndo hesabu za kupumzika zinaingia na upepo, na huu upepo sijaona watu wa baiskeli wakiuzungumzia sana wakati wavuvi wanapanga maisha yao yote kwa huo. Bagamoyo iko kaskazini magharibi ya Dar kufuata pwani. Kuanzia kama Juni mpaka Septemba unavuma kusi, upepo wa kutoka kusini, unakusukuma mgongoni unapokwenda, unafika Bagamoyo unajiona bingwa, halafu wakati wa kurudi unakupiga usoni kilomita zote sitini, na mchana upepo wa baharini nao unakuwa umeamka. Kwenye kaskazi, Desemba mpaka Machi hivi, ni kinyume chake, unahangaika kwenda na unasukumwa kurudi, lakini ndo miezi ya joto kali, saa 5 asubuhi jua la Mapinga linakuchoma mpaka masikio. Yani kila msimu una ada yake.

Nilichofanya mimi ni kuihamisha nusu safari mpaka wikiendi. Msimu wa kusi naswali alfajiri, naondoka, saa 3 na kitu asubuhi niko Bagamoyo, nakula, natembea kidogo pale sokoni kwa wavuvi, halafu natafuta kosta ya kurudi Dar. Unaongea na konda mapema, baiskeli unailipia kama mzigo, unahakikisha cheni imeangalia nje isichafue mizigo ya watu, unapanda unalala. Kuna watu kwenye kundi letu wanasema hiyo si safari kamili. Sawa. Mimi Jumanne naenda kazini na baiskeli, wao Jumanne wanatuma ujumbe kwamba goti linauma.

Kwenda na kurudi yote kwa kukanyaga naifanya mara moja kwa mwezi hivi, siyo kila wikiendi, na wiki inayotangulia nakuwa nimepunguza kazini. Wikiendi nyingine ni Kisarawe au Kigamboni, saa 2 au 3 za kukanyaga tu. Na kuna wikiendi moja ambayo sifanyi chochote. Hiyo ya kutofanya chochote ndo ngumu kuliko Bagamoyo.

Wakati fulani tulikuwa tunabishana na jamaa mmoja anayefuatilia sana mashindano, akanambia wewe unadekeza mwili, mbona wale wa Tour de France wanapanda wiki tatu mfululizo, mbona Biniam Girmay wa Eritrea mwaka 2024 kashinda hatua 3 na jezi ya kijani, ile ya anayeongoza kwa pointi, kaivaa mpaka mwisho. Nikamwambia hata hao wana siku 2 za mapumziko ndani ya hizo wiki tatu, na hata siku hiyo wanatoka kidogo polepole kulegeza miguu. Halafu Girmay akimaliza hatua kuna mtu anamkanda, kuna mpishi, kuna basi lenye kiyoyozi, analala. Hakuna anayempigia simu kwamba saa 10 kuna kikao cha harusi.

Mimi napigiwa. Jumamosi moja nimetoka Bagamoyo, nimeoga, nimelala kwenye mkeka sebuleni feni inazunguka, macho ndo yanafunga, Mama Salma huyo:

"Baba Salma, usilale basi, saa 10 tunatakiwa kwa dada."

"Kikao si wiki ijayo?"

"Wiki ijayo ni cha upande wa bwana harusi. Halafu tenki halina maji, dawasa hawajafungua tangu jana, ukiamka uwashe pampu ya kisima kwa jirani."

Nimesimama kwenye foleni ya ndoo miguu inatetemeka. Hapo ndo nilielewa kitu, kwamba kwa maisha yetu haya mapumziko ukiyaacha yaje yenyewe hayaji. Kuna msiba, kuna kikao, kuna mtoto ana homework, kuna umeme umekatika feni imezima usiku na wewe unageuka kitandani mpaka saa 9 usiku. Lazima uyapange na uyatangaze. Sasa hivi Alhamisi jioni nauliza kabisa, Jumamosi na Jumapili tuna nini? Kama kuna shughuli Jumamosi jioni basi safari inakuwa Kigamboni au haipo. Na nikienda Bagamoyo tumekubaliana kwamba kuanzia nikirudi mpaka alasiri mimi sipo, hata nikiwa nimelala palepale sebuleni. Mimi kwa upande wangu Jumapili ni yao yote, napika mimi, naenda sokoni mimi, na siku hiyo simu siifungui kuangalia nani katembea kilomita ngapi.

Kwenye kulala sina ujanja wowote wa kuwapa. Siku za baiskeli saa 4 usiku niko kitandani. Mechi za usiku za Ulaya nimeziacha, nasoma matokeo asubuhi. Asubuhi kabla sijanyanyuka napima mapigo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hapo chini ya kidole gumba, nahesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kawaida yangu ni 56, 57 hivi. Nikikuta 65 wakati jana sikufanya cha ajabu, baiskeli inabaki ndani siku hiyo hata kama miguu inasema iko poa. Kila mtu ana namba yake, usichukue yangu, wewe angalia yako imepanda kiasi gani kuliko siku zote.

Ila hapa nitoe angalizo moja la kwetu, maana vitu vingi tunavyosoma kuhusu uchovu wa mazoezi vimeandikwa na watu ambao hawaishi na mbu. Mwili unauma, kichwa kizito, viungo vimelegea, usiku unahisi baridi, ukisema "ah ni ile Bagamoyo ya juzi" unaweza kuwa unajidanganya. Nina mwenzangu alijipumzisha siku tatu nzima akisubiri uchovu utoke kumbe ni malaria imekolea. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kwenye zahanati hakichukui hata nusu saa. Uchovu wa baiskeli unapungua ukilala usingizi mzuri usiku mmoja au miwili na hauleti homa. Ukiwa na homa usijadiliane na mtu, nenda kapime.

Kula na kunywa nako ni sehemu ya kupumzika, watu wanaitenga. Ukirudi Jumamosi huna kitu tumboni, Jumatatu unalipa. Siku moja nilichukua ule mzani wa Mama Salma nikapanda kabla ya kwenda Kisarawe na baada ya kurudi. Nimetoka na kilo 74, nimerudi na 72, na njiani nilikunywa lita moja, kwa hiyo jasho lilikuwa kama lita 3. Asubuhi moja tu! Tangu hapo nabeba chupa mbili, moja maji matupu na nyingine nimechanganya ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya duka la dawa, pakiti moja kwa lita moja kama ilivyoandikwa, kwa sababu jasho linatoka na chumvi na maji matupu hayarudishi chumvi. Dafu ni zuri, nalipenda, pale Kerege sipiti bila kusimama, ila dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hiyo nalinywa na korosho za chumvi pembeni.

Chakula njiani mimi ni ndizi mbivu na tende. Ndizi moja ya wastani ina wanga kama gramu 25, na kwenye safari ndefu mtu anahitaji kama gramu 30 mpaka 60 kwa saa, kwa hiyo ndizi moja mpaka mbili kila saa, na unaanza kula kabla hujasikia njaa. Nguvu iliyohifadhiwa kwenye misuli inakwisha baada ya saa moja na nusu, mbili hivi ukikaza, na kuirudisha yote inachukua siku nzima na zaidi hata ukila vizuri. Ndo maana Jumapili yangu ni wali, maharage, samaki, chapati, na siku hiyo simsikilizi mtu anayenambia nipunguze wanga.

Baiskeli yangu ni moja, hiyohiyo ya kazini ndo hiyohiyo ya Bagamoyo, ni mtumba, ina giya 21 ambazo natumia kama 6. Ijumaa ambayo siendi nayo kazini ndo siku yake kwa fundi au kwangu mwenyewe nyuma ya nyumba. Kitu ambacho sikukitegemea ni waya. Malori yakipasuka tairi yanaacha vile viwaya vyembamba vya chuma kando ya Morogoro Road, vinachoma tairi taratibu bila kutoboa, vinakaa humo wiki nzima, halafu vinatoboa mpira ukiwa Kerege juani. Kwa hiyo Ijumaa nageuza baiskeli juu chini, nazungusha tairi polepole, napitisha kidole kwa uangalifu, nikikigusa kiwaya nakivuta kwa kibano cha nyusi cha Mama Salma, ambacho bado hajui kinatumika huko. Cheni naifuta vumbi kwa kitambaa, natia mafuta ya cherehani tone moja moja, nafuta tena yanayobaki nje. Fundi wangu wa Manzese hataki kabisa mtu aweke oil chafu ya gari, anasema "kaka, hiyo inakusanya mchanga, cheni inajisaga yenyewe." Nusu saa hiyo ya Ijumaa miguu iko juu ya stuli, mikono ndo inafanya kazi, na kichwa kimeshatoka ofisini.

Kuna pia mapumziko ya mwaka ambayo sikuyapanga mimi. Masika ikikolea Jangwani panajaa maji, barabara inafungwa, na hata ikifunguliwa kuna tope na mashimo ambayo huyaoni chini ya maji, hapo sijaribu. Na miaka hii Ramadhani inaangukia kwenye joto kabla ya masika, nafunga, kwa hiyo mwezi mzima hakuna Bagamoyo. Kazini nashuka na baiskeli asubuhi mara mojamoja baada ya daku, jioni haiwezekani, kupanda Kibo saa 11 na koo kavu si ibada ni utundu. Nilikuwa nadhani nitarudi sifuri baada ya hapo. Wapi. Eid ikishapita wiki mbili za kwanza pumzi ni fupi kidogo, ya tatu nimesharudi, na ile maumivu ya kitako na mgongo wa chini niliyokuwa naishi nayo kabla ya mwezi haipo.

Mtu akiniuliza aanze na kipi, kazini au wikiendi, mimi nasema kazini kwanza, siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, miezi kama miwili. Ukiona siku hizo huzisikii tena mwilini, yani unafika nyumbani unacheza na watoto kama mtu aliyekuja na gari, ndo uongeze Jumamosi fupi. Ukiongeza Jumamosi, punguza kazini wiki hiyo. Miguu inazoea kazi, joto nalo mwili unalizoea baada ya wiki moja mbili, lakini vyote viwili kwa pamoja vikiletwa siku moja unachukia baiskeli.

Mwaka huu nataka Morogoro. Kutoka kwangu ni karibu kilomita 180, nitazigawa siku mbili, nilale Chalinze. Malori ndo yananipa mawazo, ukishapita Kibaha barabara inabana na yale ya mafuta ya kwenda Zambia na Kongo hayana subira, kuna wanaonishauri nizungukie Bagamoyo nipite Msata, ni mbali zaidi ila kumetulia, bado sijaamua. Nilichoamua ni kwamba wiki hiyo kuanzia Jumatano baiskeli haitoki ndani, narudi Jumapili kwa basi, na Jumatatu na Jumanne nimeshaomba ruhusa kazini. Bosi kauliza ruhusa ya nini, safari si ni Jumamosi na Jumapili? Nikamwambia ya kulala. Kasaini.